Meno ya Mzee Ambokile na Pijo ya Baba

Mbeya, Jumanne

Mama yangu mpendwa,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, na kama umesimama, tafadhali keti kwanza. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Bibi bado anakataa dawa mpaka apewe na chai ya maziwa? Mimi huku ni mzima. Baridi ya Mbeya inang'ata masikio, lakini nakula, nalala, na Jumapili nasali, kwa hiyo hayo matatu usiniulize tena.

Naandika kwenye karatasi kama watu wa zamani kwa sababu Baba hapokei simu yangu, na simu yako iko mfukoni mwake. Kaka Lameck nilimpa ujumbe auwasilishe, akafika katikati, akaanza kucheka, akakata. Sasa nimebakiwa na wewe na konda wa basi.

Mama, meno yaliyofika nyumbani Jumamosi si fumbo. Si laana, wala sijamwambia Baba kwamba ni mlafi. Ni meno ya Mzee Ambokile wa hapa Mbeya, dereva mstaafu, mtu hai kabisa, na anayahitaji.

Nianze mwanzo. Unajua kazi yangu maabara ni kutengeneza meno bandia. Usichokijua ni kwamba saa za kazi zikiisha natengeneza magari. Madogo, ya urefu wa kiganja, yenye zile sura za zamani. Nachonga gari kwa nta, nalifunika kwa plasta, nta ikishayeyuka napachika humo plastiki ileile ya ufizi, nachemsha, napasua, nasugua mpaka ling'ae. Kila gari langu huzaliwa na rangi ya ufizi. Nina Landrova moja la pinki ambalo sijalipaka bado, na wenzangu wanasema limetoka kung'olewa. Bampa nazikunja kwa waya wa kushikizia meno. Vioo ni chupa za maji.

Miezi mitatu hii nilikuwa natengeneza Pijo 404 ya Baba. Nilifuata ile picha ya kipaimara changu, ambamo Baba ameegemea boneti kana kwamba aliyepata kipaimara ni yeye. Nililipanda gari lile utoto wangu wote, kutoka Idodi mpaka Iringa mjini, nimebanwa kati ya abiria na kuku wao, lakini sikuwahi kuliona mpaka nilipoanza kulichonga. Kuna mstari unaoanzia kwenye taa ya mbele, unapita ubavuni mpaka nyuma bila kukatika. Aliyeuchora alichora mara moja tu, hakufuta. Na uso wake umetulia, Mama. Magari ya siku hizi yote yamekunja ndita, kama umeyaamsha usingizini.

Siku ya kutuma, mezani kulikuwa na maboksi mawili ya glovu, yote yamejaa pamba. Moja lilikuwa na Pijo, moja lilikuwa na meno ya Mzee Ambokile, ya juu na ya chini. Nikayafunga yote mawili kwa selotepu, nikaenda kunawa mikono, nikarudi, ndipo nikaandika majina. Fundi mwenye akili huandika kwanza.

Lameck anasema Baba alikuwa ametangaza tangu Jumatano kwamba Pijo inarudi. Mimi nilimwambia ni ndogo, ya kuweka mezani. Inaelekea sehemu hiyo hakuitangaza, maana mjomba alihamisha mbuzi wake ili ipatikane nafasi ya kuegesha. Kisha boksi likafunguliwa sebuleni, mbele ya mwinjilisti, mjomba na majirani, na Baba akainua juu ufizi mzima unaotabasamu. Lameck anasema hapohapo mwinjilisti akasema, "Tuombe." Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikalia kweli.

Huku nako, Mzee Ambokile alifungua boksi lake kwenye foleni, watu sita wanamtazama. Alikuja na mshikaki kwenye mfuko kwa ajili ya majaribio. Akaliangalia gari muda mrefu.

"Mwanangu," akaniambia, "hii naitafunia wapi?"

Nikaanza kumwomba radhi, lakini alikuwa ameshaanza kuligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani kalifanya?"

"Mimi, Mzee."

"Mapezi ya nyuma, hizi kingo za juu ya taa, umekosea. Umeyasimamisha kama masikio ya mbwa aliyesikia mgeni. Ya 404 yanalala kidogo kwa nje. Mimi nimeliendesha gari hili miaka kumi na moja, Tukuyu, Kyela, mpaka Njombe huko, gia ya kwenye usukani. Unaniambia nini?"

Kwenye picha ya kipaimara nyuma ya gari haionekani, mapezi nilibuni.

Nikamwomba akae nimpime upya, nimtengenezee meno mengine. Akafunga mdomo akatikisa kichwa. "Ule udongo wako wa kupimia ulinitapisha mbele ya mke wangu. Sirudii." Na plasta yenye umbo la mdomo wake nilikuwa nimeshaivunja siku ya kuyatoa meno humo, kama tufanyavyo siku zote. Kwa hiyo, Mama, meno ni hayo tu dunia nzima. Jumamosi hii mjukuu wake anaolewa na yeye ndiye mtoa nasaha. "Nikisimama na mdomo huu," akasema, "maharusi watadhani nawapigia mluzi." Akalichukua gari, akasema litakaa kwake mpaka meno yarudi.

Basi jana amekuja nalo, kalifunga kwenye leso. Akaniuliza lile gari lenyewe la baba yangu liko wapi siku hizi. Nikamwambia aliliuza ili mimi nisome chuo. Mzee akasugua boneti kwa kidole gumba.

"Mpelekee," akasema. "Mimi nitangoja meno yangu. Mzee mwenzangu hawezi kukaa kijijini na boksi la aibu."

Lakini kwanza alinisimamia nirekebishe mapezi. Saa tatu nzima, anakunywa uji kwenye kikombe changu na kunigombeza kila nikishika tupa. Yalipolala alivyotaka akasema, "Ndaga fijo," ndiyo asante sana ya Kinyakyusa, akaenda zake.

Kuna jambo sikumwambia Mzee, na wewe sijawahi kukuambia. Siku mnunuzi alipokuja kuichukua Pijo, nilimwambia Lameck nyuma ya jiko, "Afadhali liondoke, lilikuwa linatutia aibu." Nilikuwa na miaka kumi na minane, na ada yangu ilikuwa imetoka ndani ya gari hilohilo. Nilipogeuka nikamwona Baba ananawa mikono pale kwenye ndoo. Hakusema neno siku ile, wala mpaka leo. Ndiyo maana nilitengeneza Pijo na si gari jingine. Nilitaka alifungue mbele ya watu, na wamsifie. Akafungua, akakuta meno yanamcheka. Ningekuwa yeye, na mimi nisingepokea simu.

Sasa nakuomba hivi. Boksi alilokuja nalo konda ndilo lenye gari, nimelifungua mara tatu kuhakikisha. Mwambie Baba awaite watu walewale waliokuwepo, na mwinjilisti asikosekane. Mwambie lile neno la nyuma ya jiko lilikuwa la ujinga, na nimelijutia kila siku niliyokuwa nachonga.

Meno najua Baba ameyafungia kabatini, nyuma ya sahani za Krismasi. Yatoe, umpe konda Alhamisi asubuhi. Yaoshe kwa maji baridi. Mama, najua utataka kuyachemsha. Usiyachemshe, yatapinda, na Mzee atatoa nasaha upande. Usiyafukie kwenye mchele wa kunitumia, maana nitaupika nayo. Na Lameck asiyajaribu tena, amekiri mwenyewe.

Msalimie Bibi. Msalimie shangazi, dada yake Baba, na umwambie kitenge chake nimekipata. Mjomba mwombe radhi kwa usumbufu wa mbuzi. Lameck usimsalimie mpaka aache kucheka.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Vumilia

Mama, nafungua tena bahasha. Simu imelia sasa hivi, ni Baba. Nadhani Lameck hatimaye ameufikisha ujumbe wangu mpaka mwisho. Hakunisalimia.

"Umelipaka rangi gani?" akauliza.

"Maziwa, Baba."

Nilidhani amekata.

"Ya ng'ombe au ya kopo?"

"Ya kopo, Baba."

"Ndiyo yenyewe," akasema, akakata.