Chumba cha Maziwa

Jumatatu, 6 Februari 1956

Matofali tena. Udongo wa mtoni, mchanga, chokaa ya Kipini, maji. Kalibu ya kufyatulia imepinda upande mmoja. Jioni nikatia tofali moja ndani ya ndoo. Kabla sijamaliza chai likawa uji.

Kila mchanganyiko mpaka sasa umekuwa uji.

Fedha nilizopewa na chuo kikuu ni za kujaribia tu. Profesa aliniambia wazi siku ya kuagana: nikionyesha tofali la udongo lisiloyeyuka, chuo kitatoa fedha za kujengea. Nisipoonyesha, narudi maabara kuosha chupa. Chupa nimeosha za kutosha.

Mwanajuma, mke wangu, anasema msomi hafai kuchezea matope mbele ya wakwe zake. Kila mto Tana ukifurika kuta zetu zinarudi mtoni zilikotoka. Hilo naye analijua.

Alhamisi, 9 Februari

Nimekumbuka somo moja la chuoni. Maziwa yakikutana na chokaa hugeuka gundi, ikikauka haiyeyuki. Nilicheka peke yangu njiani. Hapa Garsen tutakosa vingine, si maziwa.

Nikamwendea Mama Hawecha, Muorma anayeleta maziwa sokoni kutoka Minjila. Nikashika kibuyu kizima, nikakitaka. Akauliza kama nina wageni. Nikasema sina, maziwa ni ya kukandia udongo.

Akakichukua kibuyu mikononi mwangu taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

“Maziwa iko,” akasema. “Ya kumwaga kwa matope hapana. Ng'ombe atasikia.”

Soko zima lilisikia, achilia mbali ng'ombe. Nimefedheheka. Tena ana haki. Hapo ndipo panaponiuma.

Jumamosi, 18 Februari

Nilirudi kwake, tukapatana. Atanipa yaliyoharibika tu, yale ambayo hata mbwa anayapita. Hakuniambia kwamba ataeneza habari Minjila nzima. Sasa kila mwanamke mwenye maziwa yaliyooza anayaleta kwangu, na ananipa pole.

Harufu haielezeki. Nzi. Paka wa Garsen wote wako uani kwangu. Mwanajuma amehamishia jiko kwa mama yake.

Lakini tofali nililotia majini asubuhi, jioni bado ni tofali. Nililitoa, nikaligonga kwa jiwe. Likalia kama kigae. Nikaketi chini nikatokwa na machozi. Akiniuliza mtu, nitasema ni harufu.

Jumanne, 28 Februari

Nilimwandikia Profesa, naye anafika kesho. Leo amekuja chifu. Amesimama nje ya ua, shuka puani, hakutaka kuingia. Ameniamuru nifukie kila kitu, mgeni asije akadhani Garsen yote inanuka hivi.

Nikamwambia mgeni anakuja kwa ajili ya hiyo harufu. Akaniangalia kwa huruma, akaenda zake.

Sijafukia.

Jumatano, 29 Februari

Profesa alivuka mto kwa pantoni akiwa mchangamfu. Alipofika kwenye ua wangu alitoa leso.

Watu walijaa, wote upande ule upepo unakotoka. Niliweka ndoo mbili. Tofali lisilo na maziwa likayeyuka mbele ya macho yao. Lenye maziwa likakaa. Profesa akalitoa, akaligonga, akalikwaruza kwa kisu. Akatabasamu. Kisha akalinusa, na tabasamu likaisha.

“Kazi ni njema sana,” akasema kwa Kiswahili chake cha vitabuni. “Lakini ni nani atakayekubali kulala ndani yake? Chuo kitaniuliza hilo kwanza.”

Chifu akatazama viatu vyake. Nikaona chupa za maabara zikinisubiri.

“Mimi,” nikasema.

Basi tumekubaliana. Fedha kidogo za chumba kimoja. Nilale humo mpaka masika. Chumba kikisimama, na mimi nikisimama, atatetea fedha za nyumba kamili. Mwanajuma alikuwa nyuma yangu. Sikuthubutu kugeuka.

Jumapili, 11 Machi

Chumba kimekwisha. Nimehamia. Peke yangu; Mwanajuma na mtoto wetu Rukia wamehamia kwa mama yake.

Mwanajuma analeta chakula, anakiweka mbali na mlango, anakohoa ili nijue, anaondoka mbio. Msikitini kushoto kwangu pana nafasi na kulia kwangu pana nafasi. Imamu amehimiza safu zikazwe. Hazikukazwa.

Profesa ameniagiza nimpe habari za harufu. Nimemwandikia kwamba inapungua. Sijui kama inapungua au pua yangu imekufa.

Nina upweke. Sikulitarajia hili.

Jumatatu, 2 Aprili

Mama Hawecha amekuja kuona maziwa yake yalikofikia. Ameingia moja kwa moja. Wa kwanza. Ameupapasa ukuta, ameunusa huku na huku, kisha akaninusa mimi.

“Nyumba hainuki,” akasema. “Wewe ndiyo nanuka.”

Alipoondoka nilikwenda mtoni na sabuni nzima. Nguo nilizokuwa nikikandia udongo nimezichoma.

Jumamosi, 7 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Kufika adhuhuri mto ulikuwa uani. Ukuta mmoja wa nyumba yetu ya zamani umelala chini. Hakuna aliyeumia, nashukuru. Nilitaka kuwafuata kwa mama mkwe, lakini maji yalikuwa yamefika kwenye ukuta wangu. Nilikaa nikiukwaruza kwa ukucha. Mgumu. Baada ya muda nikaukwaruza tena. Mgumu vilevile.

Alasiri Mwanajuma amekuja, maji magotini, mkeka kichwani, Rukia wetu mgongoni. Kwa mama yake kunavuja kila pembe. Ametandika mkeka pakavu, akaniambia nisogee.

Nimesogea. Mtoto amelala. Mwanajuma amejiegemeza ukutani, anachambua mchele. Profesa nitamwandikia kesho. Mvua bado inanyesha.