Sinema Iliyomwita Twagirayezu Mwizi

Kituntu, Karagwe
17 Agosti 1988

Kaka Apolinary,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto mnaendelea vizuri huko Mwanza. Huku tu wazima, ila miguu inamsumbua Mama. Kahawa tumeanza kuianika.

Kaka, ile sinema waliyoitoa kwenye kitabu chako imefika. Ilionyeshwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa parokia, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Watu walijaa mpaka mlangoni, maana kila mtu anajua kuwa ni habari za nyumba yetu. Mzee Twagirayezu, yule Mnyarwanda aliyekuwa kibarua wa marehemu Baba, alikaa mbele na mkewe Mukandekezi, wamevaa nguo za kanisani.

Kitabuni uliandika kwa haki: Baba alimsingizia wizi wa magunia mawili ya kahawa, akamfukuza, akamnyang'anya hata kishamba alichompa. Mwizi hukumtaja kwa kuwa hukumjua. Lakini hao watu wa sinema wamefanya nini? Baba wamemfanya shujaa, na yule Mnyarwanda anaonekana waziwazi akibeba magunia! Watu wakapiga makofi! Mzee akainuka akatoka. Mukandekezi alibaki pale pale mpaka picha ikaisha. Jumatatu Byarugaba, aliyempa Mzee kazi ya kupalilia migomba, akamwambia asirudi tena. Nani aliwapa ruhusa? Kama ni wewe uliyetia sahihi bila kusoma, nakuambia wazi, Kaka: umetuaibisha.

Nimekasirika mno. Lakini siku hizi chache nimejiuliza hasa namkasirikia nani.

Magunia yale niliyachukua mimi. Niliwauzia watu wa magendo, nikapata vitenge na viatu vya harusi yangu. Baba alipomfukuza Twagirayezu nilikuwa jikoni, nasikia kila neno, nikanyamaza. Kitabu chako kilipotoka nikanyamaza tena.

Jana nilikwenda kwao nikasema yote. Mzee aliendelea kumenya ndizi, hakuniangalia. Mukandekezi ndiye aliyeuliza: "Miaka kumi na tisa, Placidia, ulikuwa unangoja sinema?"

Jumapili nitasimama kanisani, padri amekubali. Wewe waandikie hao watu wa sinema, uandike na gazetini, na jina langu ulitaje lote.

Msalimie wifi, uwabusu watoto. Mama anakusalimu sana. Yeye atasikia Jumapili pamoja na wengine.

Ni mimi mdogo wako,
Placidia