Ndia Uliyonituma Nimpe Swaleh

Mama,

Lile neno uliloniachia nimelifikisha. Limenichukua mwaka mzima. Nimelibeba kwenye ndege mbili, nimelivusha mipaka minne, na mwisho nimelisema mahali ambapo wewe usingechagua, ndani ya gari dogo, kwenye mlima wa nchi ya watu, nikiwa nimevaa mabuibui mawili kwa baridi. Lakini nimelisema. Nakuandikia nikueleze lilivyopokewa, kwa sababu nilikuahidi, na kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kumweleza tangu mwanzo. Wewe nawe ulikuwa ukinikatiza, lakini leo huna budi kunisikiliza.

Kwanza habari za nyumbani. Hitima yako ilijaa watu mpaka kwenye ngazi. Dada Fatma amehamia chumba chako na wanawe, kwa hiyo tuko kumi na mmoja. Mikate ya mofa anaoka yeye sasa, na inaungua upande mmoja, na hakuna anayethubutu kumwambia. Paka wako amenenepa. Na chumba chetu mimi na Swaleh kina mlango. Ndiyo, mlango. Fundi wa milango, ambaye kazi yake imepachikwa kwenye nyumba za matajiri Shela nzima, amelala nyuma ya pazia miaka minane katika nyumba ya mkewe. Majirani walikuwa wakimtania msikitini. Sasa wameacha.

Unakumbuka siku ile. Ulikuwa umelala ubavu, mimi nakukanda miguu, ukawatoa wote chumbani. Ukanishika mkono. Tayari yalikuwa yamekufikia maneno ya wifi yangu Aziza, kwamba kuna msichana huko Chundwa, mtoto wa watu wazuri, na kwamba ndugu yake hawezi kukaa hivihivi bila mtoto hadi anazeeka. Ukaniambia, "Rukia mwanangu, mpe ndia. Mpe wewe, kwa kinywa chako. Usingoye kuambiwa na watu."

Nilijua si ndia ya kupita watu na punda. Ulitaka nimruhusu mume wangu aoe mke wa pili, tena nimruhusu kabla hajaomba, ili heshima yangu ibaki. Nikasema, nitampa, Mama. Nilisema haraka kwa sababu ulikuwa unahema. Siku tisa baadaye ukaondoka, na mimi nikabaki na ahadi.

Mwaka mzima nilitafuta pa kuisema. Nyumba yetu unaijua. Ukikohoa juu, wa chini anakwambia afya. Nikianza sentensi nyuma ya pazia, mtoto wa Fatma anauliza imeishia vipi. Na ukweli ni kwamba sikutafuta sana, Mama. Nikipata nafasi, nilikuwa nakumbuka nguo za kuanua.

Ndipo wakaja wateja wa Swaleh, mume na mke wenye nyumba Shela. Kwao ni Slovenia, nchi ndogo yenye milima na mito. Walitaka mlango wa Lamu kwenye nyumba yao ya huko, na wakataka Swaleh akaupachike mwenyewe. Wakamwambia aje na msaidizi. Akasema, "Nitakuja na mke wangu." Nilidhani anatania. Basi mlango ukatangulia kwa meli, nasi tukaufuata, na mimi nikasimama uani kwa wazungu nimeshika pimamaji, nasema kushoto kidogo, kulia kidogo, kama niliyezaliwa karakana.

Mlango ulikaa vizuri. Wale watu walifurahi hata wakatupa gari lao dogo kwa wiki mbili, na karatasi ya ruhusa ya kuvuka nalo mipaka. Yule mama alitaka twende kwenye miji mikubwa, inayojulikana. Swaleh akamwambia kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba yeye ametoka mji ambao kila akikaa barazani anapigwa picha, na sasa anataka kwenda mahali ambapo watu wanafanya shughuli zao na hakuna aliyekuja kuwatazama. Yule mama alicheka, akatuchorea ndia kwa kalamu. Tukashuka kusini, tukakatiza nchi moja bila kusimama, kisha Bosnia, kisha Montenegro, kisha milima ya Albania.

Ungetuona, Mama. Swaleh gari analijua, anaendesha ile pikapu ya kubebea mbao huko bara, Mokowe, kila mwezi, lakini kule wanaendesha upande wa kulia. Mimi nimekaa pale ambapo dereva wa kwetu anakaa, mbele yangu hakuna usukani, na mguu wangu unakanyaga breki isiyokuwepo. Siku mbili za kwanza nilisoma ayatul-kursi mpaka ulimi ukakauka. Kazi yangu ilikuwa ramani. Ile sauti ya mwanamke kwenye simu Swaleh aliizima, anasema inamwamrisha, afadhali aamrishwe na mimi. Kwa hiyo kutwa nzima nilikuwa nasema, shika ndia hii, acha ile, ndia ya kulia, ndia ya mtoni. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Bosnia tulisimama kijiji kimoja kusali adhuhuri. Msikiti wa mbao, mdogo, mnara wake unalingana na mnazi. Mzee mmoja akatusalimu, akauliza tumetoka wapi, akatikisa kichwa kama asiyeamini. Yeye hajui lugha yetu, sisi hatujui yake. Akatuketisha, akaleta kahawa na jibini, na kwa asalaam aleikum, mashallah na alhamdulillahi tulikaa naye saa nzima wala hapakuwa na unyonge. Swaleh alikagua milango ya msikiti, akaigonga kwa kidole, akasema imechongwa na mtu mwenye subira.

Mama, ndani ya gari lile niligundua jambo la ajabu kwa mtu aliyeolewa miaka minane. Sikuwahi kukaa na mume wangu sisi wawili tu. Nilikuwa sijui kwamba anaimba akiendesha. Sikujua kwamba anaogopa mapango ya barabarani, yale wanayotoboa mlimani, na kwamba akiingia ananyamaza hadi atoke upande wa pili. Nilikuwa nafurahi, na kila nikifurahi nilikuwa nakumbuka ahadi, na furaha inaingia mchanga. Siku zikawa zinakwisha. Nikajiambia, leo.

Ilikuwa Albania, asubuhi, mvua imekatika. Barabara ni ya gari moja tu, upande mmoja jiwe, upande mwingine bonde ambalo sikulitazama mara ya pili. Nikasema haraka, kama mtu anayemeza shubiri:

"Swaleh, mimi nimekupa ndia."

Na hapohapo lori la kuni likachomoza kwenye kona.

"Wapi?" akasema. "Hapa hapana pa kupita."

"Si hiyo."

"Basi ipi? Ya nyuma? Sema upesi, Rukia."

Alidhani nimeona kwenye ramani mahali palipopanuka pa kupishana. Akatoa kichwa dirishani, akaanza kurudi kinyumenyume, lori linatusogelea, yeye ananiuliza ndia iko kulia au kushoto, na mimi nalia na kucheka pamoja na siwezi kumjibu. Alirudi hivyo mwendo wa kutoka kwetu hadi gatini. Mwisho tukapata upenyo, penye chemchemi ya kunywesha wanyama. Lori likapita, dereva wake akaweka mkono kifuani kutushukuru.

Ndipo nikamwambia yote. Nikamwambia, ndia ya kuoa. Yule wa Chundwa. Mama alinituma, nikamwahidi, na sasa nimekupa, nenda salama.

Alizima gari. Kisha akaniuliza, bila hasira, "Ndia hiyo niliiomba lini?"

Miaka yote ile nilikuwa na jibu la kila kitu ila hilo.

Akasema Aziza alimwendea mwaka juzi, na yeye akamwambia hapana, na kwamba kwao wote wanajua, na alidhani na mimi nimeshaambiwa, maana Lamu habari gani haifiki. Basi hiyo moja haikufika, Mama. Haikufika kwangu wala kwako. Wewe umekufa na hofu ya jambo lililokwisha kukataliwa, na mimi nimekonda kwa ajili yake.

Kisha akaniambia, "Mtoto namtaka. Sitokuambia urongo. Nikiona wana wa Fatma huona utungu, na wewe wajua. Lakini sitoki kwenda kumtafuta pengine. Mngu akitupa, tutampokea sote wawili. Asipotupa, mimi sina pengine pa kwenda."

Nilishuka nikanawa uso. Maji yale yalikuwa baridi ya kuuma meno. Nilikasirika, nakwambia ukweli. Nilimkasirikia yeye kwa kunyamaza, na Aziza kwa kusema nusu. Hata wewe nilikukasirikia, uliko, na nikaogopa nilivyokukasirikia. Swaleh aliniacha nikasirike. Alikata mkate juu ya boneti, akaweka jibini, akaningoja. Nilipokwisha nilikuwa na njaa, nikala vipande vinne.

Siku zilizobaki tulizungumza, Mama. Tulizungumza mpaka nikapotea kwenye ramani na tukafika kijiji ambacho hakikuwa ndiani, wakatupa maziwa ya kuganda na kutuelekeza kwa mikono. Tulimzungumzia mtoto ambaye hatuna, kwa mara ya kwanza, bila kunong'ona. Tulikuzungumzia na wewe. Swaleh anasema ulikuwa ukimwekea kipande cha samaki cha katikati na kujifanya hujui nani amekiweka. Nilikuwa sijui hilo.

Tuliporudi Aziza alikuja na haluwa, akaketi, akasifu mlango wetu mpya, akazunguka mbali, mwisho akauliza, na lile jambo je? Nikamwambia nilimpa ndia, akarudi kinyumenyume. Hakunielewa. Swaleh alikuwa chumbani, nikamsikia anacheka hata kwa mlango uliofungwa. Yule msichana ameposwa Kizingitini, na sina kinyongo naye hata chembe. Yeye naye hakuomba.

Ninazo siku ambazo bado nahesabu miezi na kusikitika. Zipo. Lakini asubuhi naamka nikiwa mtu mwepesi, nateremka kumsaidia Fatma mikate inayoungua, na nikimkuta Swaleh ngazini na mbao zake hatupishani kimya kama zamani. Kuna la kusema kila mara, hata likiwa la upuuzi.

Sasa naaga. Ijumaa nitakuja kukusomea, nitaleta asumini. Ahadi niliyokupa ulipokuwa unahema ilikuwa juu ya jambo la mtu mwingine, na wala mimi wala wewe hatukumuuliza mwenyewe. Nakupa nyingine badala yake: jambo la Swaleh nitamuuliza Swaleh. Na ikitokea siku akaniomba ndia kweli, kwa kinywa chake, nitalia, na nitamjibu mwenyewe, sitangoja kutumwa.

Mungu akuweke penye nafasi na kivuli. Naomba radhi zako, Mama, si kwa kuwa sikukutii, bali kwa kuwa nilikutii, na nikafurahi kukataliwa.

Mwanao,
Rukia