Nimemjengea Baba Meza ya Ruta, Sasa Naomba Asiiwashe

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia nikiwa saluni, kati ya mteja na mteja, kwa sababu nyumbani siwezi kuandika baba asinione, na ukikuta karatasi ina madoa usijisumbue kujua kama ni machozi au mafuta ya nywele, vyote vimo. Naomba unisaidie mwanao. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Baba yangu ni fundi seremala. Siwezi kuandika "alikuwa", na hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe. Kitanda ninacholalia alikitengeneza yeye, na meza ya chakula, na kabati la vyombo ambalo mlango wake ukiusukuma kwa kidole unajifunga wenyewe taratibu bila kelele, mpaka stuli wanazokalia wateja wangu. Mama alipofariki alihamia kwangu na randa zake na misumeno yake na ruta yake, ile mashine ya mkono yenye kisu kinachozunguka kwa chini, ya kupamba kingo za mbao na kuchimba mifereji, na chumba cha nyuma nilichokuwa nikirundika viti vibovu kikawa karakana yake, tukaishi vizuri, yeye na vumbi lake, mimi na nywele zangu, akinitania kwamba sote wawili tunakula kwa kukata vinavyoota.

Halafu mikono ya baba ikaanza kutetemeka. Ilianza kwenye kikombe, akawa anakishika kwa mikono miwili, kisha wageni wakija akawa anasema ameshakunywa, kisha mashati yenye vifungo akayaacha akawa anavaa fulana tu hata kwenye misiba, nami nikajifanya sioni kwa sababu naye alikuwa anajifanya hakuna cha kuona. Lakini ruta haidanganywi, Shangazi. Ni nzito, inanguruma, inataka mikono miwili iliyotulia, na siku moja ikamponyoka ikachimba shimo katikati ya mlango wa kabati la mtu, mlango uliokuwa umebakiza vanishi tu. Akaizima, akaiweka chini, akakaa juu ya mbao zake. Nilipomwambia twende hospitali alinijibu bila kunitazama, "Uzee hauna sindano, mama." Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuamka, kukaa, kulala. Chakula anakionja. Nilimsikia akimwambia jirani kwamba siku hizi yeye ni fenicha.

Sasa kuna mteja wangu mmoja ambaye mumewe ana kiwanda kidogo cha samani, siku moja nikimsuka nikamweleza, akaniambia mbona ruta si lazima ishikwe, unaipindua kichwa chini miguu juu, unaifunga chini ya meza, kisu kinachungulia juu kwenye tundu, basi mashine inatulia mahali pake na ubao ndio unaotembea. Shangazi, nilikaribia kumwachia nywele nusu kichwa nikimbie nyumbani. Kama tatizo ni kushika mashine, na mashine haitashikwa tena, si baba yangu amerudi?

Nikaijenga mwenyewe. Sikuwahi kushika hata nyundo kwa maana, lakini nilitazama video kwenye simu mpaka macho yakaniuma, nikanunua plaiwudi nene nikagundisha mbili pamoja, juu nikabandika fomeka, lile gamba laini la plastiki, iliyotoka kwenye kaunta ya zamani ya saluni ili ubao uteleze, nikakata tundu, nikatia kibamba cha chuma cha kuibebea mashine, nikaharibu, nikakata upya. Baba alisogeza kiti mlangoni siku ya kwanza akawa ananitazama kama anatazama mpira. Siku ya pili akaanza kusema. "Hiyo pembe umeila." "Kibamba kimezama, pitisha rula juu utaona mwanga." "Skrubu haigongwi, mama, skrubu inabembelezwa." Alinitukana kifundi, akanicheka, akala akamaliza sahani akaomba tena. Meza tukaipimia kiunoni kwake. Ule ubao wa nyuma wa kuegemezea kazi aliniamuru niufungue niufunge mpaka nikalia, na alipoona nalia akasema sasa nimekuwa fundi. Zilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu mama aondoke, nakuapia.

Ikabaki swichi tu, ile kubwa ya kuwekwa mbele ya meza, yenye kitufe chekundu na cha kijani, ili asiwe anainama kuipapasa ya mashine huko chini. Nilikuwa nimeshainunua, ilikuwa kwenye mkoba wangu, nangojea tu nimalize kupanga vitu vya karakana niifunge. Baba akasema ngoja nikuonyeshe ubao unavyopita. Mashine ilikuwa imezimwa, waya haujachomekwa. Akachukua kipande cha ubao akaniambia, "Unatoka kulia kwenda kushoto, unakutana na kisu uso kwa uso. Ukienda upande wake, kinakunyang'anya." Akausukuma. Na mkono wake wa kushoto ukaruka, Shangazi, ukaruka tu wenyewe kama mtu aliyeguswa na umeme, ukatoka kwenye ubao, na vidole vyake vikapita juu ya kile kisu.

Kilikuwa kimesimama. Kikamchana kidogo tu penye kiungo cha kidole. Akakitazama kidole, akacheka, akasema, "Kimenisalimia." Nami nikacheka. Nikamtafutia plasta, nikauchukua mkoba wenye swichi, nikarudi saluni.

Tangu siku hiyo ile swichi iko hapa saluni ndani ya boksi la rola za nywele. Nimemwambia baba duka halina, wanangoja mzigo. Kila asubuhi anavaa aproni yake, anakaa kwenye stuli kando ya meza, anaipaka nta, anaifuta kwa kitambaa kikavu, hamna hata chembe ya vumbi maana hakuna kilichokatwa. Nikirudi ananiuliza, "Imefika?" Nasema, "Bado, baba." Anasema, "Haya. Haina haraka." Mikono ameikalia.

Nimefikiria kila kitu. Nimefikiria kifuniko cha plastiki juu ya kisu, nimefikiria vile vibao vya kusukumia ili vidole vikae mbali, lakini kibao chenyewe si atakishika kwa mkono ule ule? Nikimpa, siku moja nitarudi nikute damu kwenye fomeka yangu. Nisipompa, anaisha mbele yangu huku amevaa aproni. Na kaka yangu, ambaye mapenzi yake yote kwa baba hupitia kwenye simu, amesema mwisho wa mwezi anakuja na atakuja na swichi mkononi, kwa sababu mimi ni mzembe nisiyeweza kutafuta kitu kidogo. Baba ni mtu mzima, anasema kaka, mwache afanye kazi yake. Sijamwambia kuhusu kidole. Sijamwambia mtu yeyote ila wewe.

Meza ile niliijenga kwa mikono yangu na kila nikiipita natamani kuichoma moto. Nifanye nini, Shangazi? Silali.

Binti wa Fundi


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, binti. Futa macho kwanza, halafu kaa vizuri, maana nitakusema.

Pole kwanza. Pole ya kweli. Wapo watoto wanaowanunulia wazazi wao redio na kudhani wamemaliza. Wewe umejifunza kazi ya mtu mzima ili baba yako asikae bure. Hilo hakuna atakayekunyang'anya, hata mimi nitakayekufokea sasa hivi.

Nilipomaliza barua yako nilimpigia simu fundi mmoja wa samani. Ana vidole tisa, kwa hiyo anajua anachosema. Nikamsomea yote. Nilipofika kwenye swichi akanikatiza. "Mama," akasema, "ruta ina swichi yake mwilini. Ile ya mezani ni ya urahisi tu. Unainama, unabonyeza, unachomeka waya, unafanya kazi."

Umenielewa? Soma tena barua yako mwenyewe, umeandika kwa mkono wako kwamba swichi ya mashine iko huko chini. Baba yako anashinda peke yake kutwa nzima na mashine nzima, kisu kikali, meza iliyonyooka na soketi ukutani. Hajakosa kitu. Angetaka kuiwasha angeiwasha asubuhi ile ile ulipotoka na mkoba wako. Fundi aliyemaliza ujana wake kwenye vumbi ashindwe kuinama? Na aamini kwamba swichi, kitu kinachouzwa kila duka la vifaa vya umeme, imekosekana mpaka mzigo uje? Binti, wewe hujui kudanganya, na yeye si mtoto.

Anajua. Alijua kisu kilipomchana, ndiyo maana aliwahi kucheka kabla yako. Kila jioni anakuuliza kama imefika akiomba moyoni useme bado. Wewe unamficha yeye hofu yako, yeye anakuficha yake, na katikati mmeweka meza mnaipaka nta. Anavaa aproni kwa ajili yako. Ameona ulivyolia kwa kufungua na kufunga, anaona haya kukuambia kwamba kazi ile yote haitamsaidia.

Sasa kosa lako, na hili sikuachii. Mikono ya mzazi wako inatetemeka mpaka ameacha vifungo vya shati, na jibu moja la mzaha likakutosha usiiseme hospitali tena? Ulipata muda wa kujifunza useremala, ukakosa muda wa kumpeleka kwa daktari! Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kutetemeka kuna sababu nyingi. Baadhi zina dawa ya kupunguza, baadhi hazina, na mimi siyo daktari wa kukuambia yake ni ipi. Wiki hii mpeleke. Akigoma, mwambie unakwenda kuuliza kwa ajili yako wewe unayeogopa, naye akusindikize. Lakini usiende ukiwa na matumaini makubwa mno. Mikono ile huenda isirudi ilivyokuwa, na ni bora ulie kwangu leo kuliko kulia mbele yake siku hiyo.

Kaka yako mpigie simu leo hii, usingoje mwisho wa mwezi. Mweleze kuhusu kidole, hatua kwa hatua, kama ulivyonieleza mimi. Akisema tena kwamba baba ni mtu mzima, mwambie ni kweli, na watu wazima huambiwa ukweli, hawaletewi vitu mkononi kama zawadi ya sikukuu. Aje mikono mitupu, na akae zaidi ya siku moja.

Kuhusu mashine yenyewe, nilimwuliza yule fundi mara mbili ili nisikudanganye. Vibao vya kusukumia, vifuniko, vyote ni vizuri kwa mkono unaotii. Mkono unaoruka wenyewe haukaribii kisu kinachozunguka, hilo halina mjadala. Baba yako asisukume ubao kwenye meza hiyo, si leo wala kesho. Chomoa waya, ondoa kisu, kiweke mbali.

Ukishafanya hayo, nenda ukakae naye mchana kweupe, si wakati wa kuandaa chakula, si huku unashika simu. Mwambie, "Baba, swichi ninayo tangu siku ile. Niliificha kwa sababu naogopa." Kisha nyamaza. Najua nyinyi watu wa saluni kunyamaza ni kazi ngumu kuliko useremala, lakini nyamaza. Usimwambie atapona. Usimwambie atakuwa msimamizi wako, wewe utasukuma ubao na yeye ataelekeza. Huenda akalitaka hilo baadaye, na akilitaka alitamke mwenyewe. Ukimpa haraka atajua unamfariji, naye atalikubali ili akufurahishe, mtaanza tena kuvaliana aproni.

Huenda akakasirika. Huenda akasema uza kila kitu. Huenda akakutazama akasema, "Basi, mama. Nimemaliza," na hilo ndilo neno lililokufanya ukate mbao ulizokata, ukaharibu, ukakata upya, ili asifike siku ya kulisema. Siku hiyo imefika. Asilisemee kwenye chumba cha nyuma peke yake. Mshike mikono hiyo hiyo inayotetemeka, iache iteteme ndani ya yako, na siku hiyo saluni ifungwe.