Kabla ya Kubadilisha Karata

Mpendwa mtani wangu Vero,

Nakuandikia kutoka chumba kilekile cha Mafiga, ila majirani wote ni wapya na hakuna anayeniita kwa jina. Leo Jumapili nimekaa barazani peke yangu, nikachanganya karata, nikagawa za watu watatu. Zote nimezicheza mwenyewe. Haina utamu.

Unakumbuka poka yetu, ukishatoka misa? Mzee Saidi, fundi wa mashine kule kiwandani kwetu, ndiye aliyetufundisha. Karata tano kila mtu, unaweka dau, unabadilisha zile mbovu, unaweka dau tena. Dau letu lilikuwa maharage uliyoteremka nayo kutoka mlimani pamoja na kabichi zako za kuuza, na aliyeshindwa ndiye aliyeyapika. Nimepika sana mimi.

Nikipata wafalme wawili nilikuwa nanyamaza mpaka watu wabadilishe. Siku moja Mzee Saidi akabadilisha, akaibuka na saba tatu, akanimaliza. Ulicheka mpaka khanga ikakuteleza begani.

"Mnyamwezi wee! Babu zako walibeba mizigo mpaka Pwani, wewe wafalme wawili tu wanakulemea?"

"Nilitaka kuona kwanza."

"Ukiwa nazo, pandisha mapema. Asiye na kitu alipie au aondoke. Ukimwacha abadilishe bure, umemkaribisha akuue."

Mzee Saidi akadakia, "Na mwenye kidogo je, binti?"

"Aangalie amekaa wapi, mzee. Wa kwanza kusema awe na kitu. Wa mwisho, wenzake wakishanyamaza wote, hata kidogo kinatosha."

Mama yako alipougua ulikuja kuniaga. Ukasema, "Njoo tulime wote. Shamba ni la ukoo wa mama, na kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke."

Nilijua umesema jambo kubwa. Lakini kichwani nilimsikia baba kule Tabora akiwaambia watu kwamba mwanawe ameolewa. Nikakujibu kiwanda kimeuzwa, acha nione kama mwenyewe mpya atatuchukua. Ukaokota maharage yako mezani polepole.

"Haya, mtani. Subiri ubadilishiwe."

Yule mwenyewe mpya alikuja na watu wake. Siku hizi kiwanda ni ghala tu. Mzee Saidi amehamia kwa bintiye Ngerengere. Mimi nabeba magunia Msamvu, nikirudi jioni mgongo unauma, na hakuna wa kumwambia kwamba unauma.

Akina mama wa kijijini kwenu wanashuka sokoni kila wiki. Ningeweza kuwauliza kama umeshapata mtu. Nimewahi kufungua mdomo, nikaufunga. Kuuliza ni kulekule kusubiri watu wabadilishe. Barua hii nampa mmoja wao, na sitamuuliza lolote.

Wote wamenyamaza, Vero. Nimebaki mimi wa kusema, na nilicho nacho ni kidogo: mikono inayojua jembe, na mgongo huu. Jumapili ijayo ukitoka misa utanikuta nje ya kanisa, hukohuko kwenu mlimani. Kama yupo mwenzangu, nitampa mkono, nitamwamkia mama shikamoo, nitateremka. Kama hayupo, Tabora na waseme nimeolewa.

Nakuja na maharage. Safari hii, hata nikishinda, napika mimi.

Msalimie mama.

Ni mimi mtani wako,
Mnyamwezi wa Mafiga