Neema Kapata Kwao

Jumanne. Jua limewaka tangu asubuhi, Kariakoo vumbi tupu, na mimi nina wivu. Naandika hapa mtandaoni kwa sababu hapa hakuna anayenijua.

Neema na mimi tuliokotwa tukiwa wachanga, kila mmoja na mahali pake, Mama akatulea pamoja Ilala. Siku hizi tunauza vitenge duka moja. Miezi kadhaa nyuma mteja wetu anayeishi ng'ambo alituletea vichupa vya kutemea mate, vya kupima vinasaba. Tukatema, tukacheka, akaondoka navyo. Tukapanga majibu yote yaje kwenye barua pepe yangu, maana Neema na mitandao wapi na wapi.

Yangu yakasema hakuna ndugu aliyepatikana. Yake yakaleta binamu wa mbali, dada mmoja aliyeko Ulaya. Huyo dada akahoji mashangazi, akafuatilia nani wa ukoo aliishi Dar miaka ile, akabakiwa na wanaume wawili wanaoweza kuwa baba. Mmoja akakubali kupimwa.

Ndiye baba yake Neema. Yuko Same, Upareni, mzima, fundi cherehani, anaomba asikie sauti ya mwanawe.

Ujumbe huo nimeukalia siku tano.

Siku tano nakula naye chipsi sahani moja huku moyoni nasema, kwa nini yeye? Mimi ndiye niliyekuwa namsumbua Mama kwa maswali, yeye wala hakuwa na habari. Roho mbaya ninayo, sikatai.

Leo akaniuliza, "Hivi vile vipimo vyetu viliishia wapi?" Nikashindwa kuendelea kuficha. Nikampa simu. Alisoma mara mbili, akakaa juu ya robota la vitenge, akalia. Nilijua atanitukana akiona tarehe. Hata hakuitazama.

Mangi, Mchaga wa duka la jirani, aliposikia Neema ni Mpare, mtani wake, hakusubiri machozi yakauke.

"Ndiyo maana bahili hivyo! Mpare mkubwa wewe, hata hayo machozi unayabania!"

"Nyamaza, Mchaga, ungeweza ungeyauza!" Neema akamjibu palepale, kama vile kazaliwa anajua.

Duka zima likacheka. Kisha Mangi akanigeukia mimi, mdomo wazi, akatafuta la kunitania. Akakosa.

"Pole, dada yangu," akasema, kwa upole kabisa.

Sitaki pole mimi. Nataka mtu wa kunitukania kabila langu.