Majina Uliyowapa Mbwa Wetu

Mama uliyelala kati ya migomba yako ya Msasani yetu ya milimani, si ile ya pwani,

Mbwa wako hajambo. Naanza na hilo kwa sababu kila nilipokupigia simu ndilo ulilolitanguliza, kabla hata ya habari za mvua. "Sijasahau hajambo," ulikuwa ukisema, "amelala mlangoni." Nami nilicheka, nikidhani jina hilo ni utani wa mama mzee anayetafuta miwani huku ameivaa.

Sasa najua haukuwa utani. Ndiyo maana nakuandikia, tena nakuandikia mahali ambapo watu wengine watasoma, kwa kuwa na wewe ulisema yako mbele za watu.

Mbwa wetu wa kwanza aliletwa na Mama mdogo, mdogo wako wa tumbo moja, aliyejenga ng'ambo ya kijito. Alikuja na mvua, kuna kitu kinatikisika kifuani ndani ya khanga yake. Alipoifungua kikatoka kichwa cheusi chenye masikio yaliyolala. "Huyu ndiye aliyetangulia kuzaliwa," alisema, "kwa hiyo ni wa dada." Akamwita Zawadi. Tulimlaza jikoni juu ya gunia, karibu na mafiga, na Ambakisye, mdogo wangu, akajilaza naye humo humo mpaka ulipomtoa kwa mwiko.

Jina la Zawadi halikumaliza mvua za mwaka ule. Jumapili moja ulirudi kutoka kanisani kabla ya watu wote. Ulivua viatu mlangoni, ukakaa, ukasema, "Kuanzia leo mbwa huyu anaitwa Umeridhika."

Nikauliza maana yake. Ukasema, "Ni jina la mbwa. Mwite."

Nikamwita.

"Paza sauti."

"Lakini huyu hapa, Mama." Alikuwa amelala miguuni pangu.

"Paza sauti, alijue jina lake."

Nikasimama ukingoni mwa shamba nikaita kwa nguvu zangu zote, na sauti ikavuka kijito. Unajua jinsi bonde lile linavyobeba sauti ukungu ukishuka. Mtu akikohoa upande ule, huku anapewa pole.

Kwetu si ajabu mbwa kupewa jina la kumfikia jirani. Watu wazima husikia na kuelewa, na hakuna wa kulalamika, maana hakuna aliyetukanwa, ameitwa mbwa. Kinyakyusa kilikuwepo, lakini ulichagua Kiswahili ili hata wapangaji waliotoka mbali waelewe. Asiyeelewa alikuwa mtoto uliyemtuma kuita. Wewe mwenyewe hukuwaita mbwa wale hata mara moja. Nimelitafuta hilo kichwani kama ninavyotafuta jambo la kuandika, nimemuuliza na Ambakisye, na yeye hakumbuki. Ulikuwa unapiga sahani kwa kijiko, kisha unatuambia, "Mwiteni mbwa wenu."

Mama mdogo akaacha kuja. Nilipouliza, ulisema anaogopa mbwa. Nilikuamini, ingawa nilikuwa nimemwona akimtoa mbwa kifuani mwake. Krismasi iliyofuata nilimfunga Umeridhika kwenye mparachichi tangu asubuhi ili Mama mdogo aje. Hukunizuia. Ulipika wali, ukaniacha nimekaa barazani na gauni jipya nikiangalia njia ya kijitoni, mpaka wali ukapoa na mbwa akabweka kuomba kufunguliwa. Ulijua hatakuja, na ulijua kwa nini. Ungeweza kuniita ndani.

Umeridhika alikufa kwa uzee. Meno yalikuwa yamekwisha, nikawa nampondea ndizi na mchuzi wa dagaa, naye analamba mkono wangu kwanza, chakula baadaye. Tulitaka kumzika chini ya mparachichi alikozoea kulala. Ulikataa. Ulisema azikwe chini, mpakani, pale kijito kinapopita. Tulimbeba kwenye gunia lile lile la utotoni mwake. Nililia sana, nawe ulinifuta uso kwa ncha ya khanga yako na kusema, "Mbwa hulipwa kwa kukumbukwa." Neno hilo nimewahi kulinukuu kwa watu.

Kisha ukatuletea mbwa wa pili, Ulimi. Huyu alikuwa wa rangi ya majani makavu ya mgomba, mwizi wa mayai, mpenda watu. Tulicheka kumwita. "Ulimi, rudi ndani." "Ulimi, shika adabu yako." "Nani kamfungulia Ulimi?" Majirani nao walicheka, na mimi nilidhani tunacheka jambo moja.

Aligongwa na lori lililobeba majani ya chai, pale barabara kuu inapoanza kushuka. Ambakisye alipanda njia akilia, "Ulimi amekufa, Ulimi amekufa," na mwalimu mmoja aliyekuwa akipita akamsahihisha, "Umekufa, kijana. Ulimi umekufa." Wanawake waliokuwa wakichota maji wakaangua kicheko. Wewe hukucheka. Ulitazama ng'ambo. Kisha ukatuambia tumzike mpakani, kando ya mwenzake.

Wa tatu ndiye huyu. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaondoka, naandika habari za watu kwa riziki yangu. Ambakisye alimpata kijijini Matwebe, akamleta ndani ya boksi, mweusi mwenye soksi nyeupe. Ulimtazama, alivyoniambia Ambakisye, kama mtu anayetazama kitambaa kabla ya kukata. Ukasema, "Sijasahau." Akadhani kuna jambo umelikumbuka. Akasubiri ulitaje.

Siku ya msiba wako Mama mdogo alivuka kijito. Alikuja na mkungu wa ndizi kichwani, akautua jikoni, akakaa mkekani na wanawake wengine. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga ua wetu tangu utoto wangu. Alilia kwa sauti ndogo. Watu walipokwisha kula, nilikusanya makombo, nikasimama penye ukingo wa turubai nikaita kama ulivyonizoeza, kwa sauti ya kuvuka bonde. "Sijasahau! Sijasahau!"

Wanawake wakageuza shingo wote. Mmoja akajiziba mdomo kwa khanga. Mama mdogo akaweka bakuli chini.

"Hata leo, mwanangu?"

"Hata leo nini, Mama mdogo?"

Akaniangalia usoni. Mbwa akaja, akaanza kula miguuni pangu.

"Kumbe hujui," akasema.

"Gwe, wewe, mwache mtoto wa watu," bibi mmoja akamwambia. Nina mvi, Mama, lakini siku ile nilikuwa mtoto wa watu kweli.

Baada ya matanga nilikwenda kwake. Nilikuta mbwa wawili wamelala barazani, naye mwoga wa mbwa akamsukuma mmoja kwa mguu ili nipate pa kukaa. Alikuwa akimenya magimbi. Nilimuuliza kama ninavyomuuliza mtu yeyote: nini kilitokea, nani alikuwepo, nani alisema.

Aliniambia uliugua, ukakonda, ukaenda kwa mganga kwa siri, naye peke yake alijua. Aliogopa utakufa. Akamwambia mama mmoja wa kanisani, akimsihi akuombee. Yule mama akalifikisha kwa wazee wa kanisa, na Jumapili ile ukazuiwa meza ya Bwana mbele ya usharika mzima. Hukumuuliza mdogo wako alisema nini, wala kwa nani, wala kwa nini.

"Nilikuja kumwomba radhi," alisema. "Nimefika kijitoni, nasikia unaita, Umeridhika, Umeridhika. Nikarudi. Juma lililofuata nikaja tena, ukaita tena. Ulikuwa na sauti nzuri wewe. Nikasema, basi dada amewafundisha na watoto."

"Hakunifundisha. Nilikuwa naita mbwa."

"Basi dada yangu alikuwa na akili kunizidi." Akatupa gimbi majini. "Ulimi alipokufa nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikadhani yamekwisha. Ndugu yako akaleta mwingine."

Tukacheka, Mama. Kisha hatukucheka tena.

Katika kazi yangu swali la kwanza ni nani amesema. Ukiandika maneno ya mtu bila kusema ni ya nani, umemdanganya msomaji. Nimewafokea vijana wa chumba cha habari kwa jambo hilo, nami utoto wangu wote nilikuwa nikitangaza maneno yako kwa sauti yangu. Kwamba ulimkasirikia mdogo wako, hilo naweza kulielewa; kuzuiwa ushirika mbele ya watu ni aibu kubwa. Kwamba ulitaka kumwambia, ilikuwa haki yako. Lakini ulikuwa na miguu, na kijito kile hata kuku huvuka. Ulinituma mimi, niliyempenda, nikamfukuze kila jioni kabla ya chakula, kisha ukaniambia mbwa ndio wanaomzuia. Niliwapenda mbwa wale huku nikiwalaumu. Kaburini kwa Umeridhika, katikati ya kilio, kuna kipande cha moyo wangu kilichosema sasa Mama mdogo atakuja. Nimekibeba kipande hicho kwa aibu miaka yote, nawe ulikuwa na neno moja la kuniondolea. Hukulisema.

Sasa nyumba yako itapangishwa, na wapangaji hawataki mbwa. Ambakisye anaishi vyumba viwili Mbeya. Mimi naishi ghorofani. Nilijaribu kwanza kumbadilisha jina. Nilisimama uani nikamwita Zawadi, kwa upole, kipande cha nyama mkononi. Hakugeuza hata sikio. Nilipochoka nikamwita jina lake, akaja mbio, mkia unatikisa mwili mzima. Hana kosa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa nalo.

Mama mdogo alikuwa ukingoni mwa shamba, ameona yote. "Niachie mimi," akasema.

"Na jina lake, Mama mdogo?"

"Mbwa mzee habadilishwi jina. Nitamwita hivyo hivyo."

Jana nilifunga milango. Nilimkuna Sijasahau nyuma ya masikio, anapopenda, nikamwambia abaki salama. Alininusa mkoba akajua. Akaenda kulala mlangoni pako, pale pale, kichwa juu ya miguu. Nikaona hataondoka. Kisha, upande wa pili, Mama mdogo alitoka jikoni kwake. Alipiga sahani kwa kijiko, Mama, kama wewe, maana nyote wawili mlifundishwa na mama mmoja. Akaweka viganja mdomoni, akageukia huku, penye kaburi lako, akaita. "Sijasahau! Sijasahau!" Sauti yake ina mtetemo sasa. Ilivuka kijito vizuri.

Mbwa akainua kichwa. Akanitazama, akatazama mlango, akateremka kati ya migomba, akapita makaburi ya wenzake wawili mpakani, akaruka maji.

Kuhusu wewe na mimi, sijakusamehe, na nataka liandikwe hivyo kwa sababu ndivyo lilivyo leo. Lakini jioni ile nilisikia kwa mara ya kwanza mtu mzima wa ukoo wetu akisema neno hilo kwa sauti yake mwenyewe. Nilidhani ungependa kujua kwamba limefika, na kwamba limejibiwa.

Lala, Mama. Mbwa amekula.

Ni mimi, binti yako uliyekuwa ukimtuma kuita.